Injini Izimwe Kwanza

Siku niliyoshindwa kupuliza mkaa ndiyo siku niliyokubali kwamba naumwa. Nilikuwa nimeinamia jiko kwenye kibanda changu cha chai na chapati kando ya barabara, pale Buguruni, Dar es Salaam. Nikavuta pumzi ili nipulize, pumzi ikagoma njiani, kifua kikaanza kulia filimbi. Mteja aliyekuwa anasubiri chai akanisogezea kigoda, akaokota kipande cha boksi, akapepea moto mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Magari yaliyokwisha kutumika Japani yalikuwa yanashushwa bandarini kila kukicha, na mengi, nadhani, yalikuja kusimama mbele ya kibanda changu. Tulipohamia pale, mimi na mume wangu, ulikuwa unaweza kuivuka ile barabara huku unapiga soga. Miaka michache baadaye ulikuwa unaisubiri mpaka chai inapoa. Jioni nikijifuta uso, kitambaa kilitoka cheusi. Sikuyachukia magari yale, maana walioshuka ndani yake ndio waliokula chapati zangu.

Nikakohoa mwaka mzima. Majirani waliamua ni TB, wakaanza kuninywesha kwa kikombe changu peke yangu. Nikapima makohozi, hayakuonyesha kitu, nikapima tena. Shemeji yangu alishauri nipelekwe kwa mganga, nikamwambia asubiri kwanza nisikie la hospitali.

Daktari niliyempata mara ya mwisho alikuwa mwanamke wa makamo. Wengine wote walikuwa wameniuliza wapi panauma. Yeye aliniuliza mchana nashinda wapi. Nikamweleza. Akasikiliza mgongo wangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hii ni pumu, na moshi wa hapo unaposhinda ndio unaoichokoza. Dawa nitakupa. Lakini ukirudi kukaa palepale, dawa itapigana peke yake."

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Nguo za mitumba zilikuwa zimemwachia kazi ya kupunguza viuno vya suruali tu. Nilipomweleza maneno ya daktari aliuliza tutakwenda wapi na watoto, nikamwambia Bariadi, karibu na kwetu Zagayu. Yeye ni mtu wa Morogoro, Usukumani alikuwa hajawahi kufika. Akafikiri kidogo.

"Cherehani inabebeka," akasema.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na kampuni za watu binafsi, na msimu ukifika mji ulijaa malori. Nikapanga chumba kwenye barabara iendayo kiwanda cha kuchambua pamba. Nikatafuta fundi, akanijengea jiko la udongo lenye bomba lililotokeza juu ya bati, ili moshi usinipitie usoni. Nikapika wali, maharage, ugali na samaki waliotoka ziwani Kalemela. Kwa wiki kadhaa nililala usiku kucha bila kukaa kitandani kutafuta pumzi.

Kisha msimu ukafunguliwa. Malori yaliyosubiri zamu ya kushusha pamba yalijipanga mbele ya mlango wangu, injini zikiunguruma. Haikupita wiki kifua kikaanza filimbi ileile. Nilikaa nyuma ya nyumba na pampu ya dawa niliyopewa na yule daktari mkononi, nikajiuliza kama nimewabeba watoto na cherehani kutoka Dar kwa ajili ya hili. Nikasubiri pumzi itulie. Nikajifunga kanga, nikatoka.

Dereva wa kwanza aliagiza ugali akiwa bado dirishani kwake.

"Chakula kipo," nikamwambia. "Ila injini izimwe kwanza."

Alicheka, akaenda kula kwa jirani. Wa pili naye akaenda. Wengine walidhani nimechanganyikiwa, na mmoja akaniuliza kama hiyo barabara ni ya baba yangu. Sufuria zilibaki nzito. Tulikula maharage usiku, tukayala na asubuhi. Mume wangu akaniambia taratibu kwamba labda niwavumilie msimu huu tu.

"Nimeshauhama mji mmoja kwa sababu ya moshi," nikamjibu. "Huu siuhami."

Kesho yake nilimkuta anaandika kwenye kipande cha ubao kwa herufi kubwa: ZIMA GARI NDIPO ULE. Akautundika mwenyewe.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya dereva mmoja mtu mzima kutoka Nyashimo. Alishuka, akavua kofia, akasimama nje ya mlango. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kama mtu anavyomsalimia mama yake, nami nikaitikia.

"Mimi sikudharau," akasema. "Lori langu betri imekufa. Nikizima hapa kwenye tambarare, haliwaki mpaka nipate watu wa kusukuma."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilidhani wote ni wakaidi tu. Nikamuuliza kwa nini mwenye lori hanunui betri, akasema ameahidiwa tangu msimu uliopita. Nikatoka naye mpaka barabarani. Mbele ya kanisa barabara inapanda kidogo, kisha inashuka kuja kwetu. Nikamwonyesha.

"Ukiliegesha pale juu, si litawaka likiteremka?"

Akapatazama. "Litawaka. Ila nitakuwa mbali na mzigo."

"Nitakuwekea benchi upande huu, uone mzigo wako huku unakula."

Akapandisha lori, akazima. Alipomaliza kula alilirudia, likateremka kimya, katikati ya mteremko likakohoa na kuwaka. Wenzake walikuwa wanatazama. Kabla msimu haujaisha, karibu nusu yao waliegesha kule juu. Wengine hawakuzima kamwe, na hao sikuwauzia. Jirani yangu, aliyekuwa amepata wateja wangu, alikuja jioni moja na mtoto mgongoni, akasema mtoto anakohoa. Akaniuliza ule ubao niliuandikisha wapi. Mume wangu akamwandikia wake.

Pumu haikuisha. Mashine za kiwanda zikifanya kazi, vumbi la pamba lilitua hadi kwenye majani ya mihogo, nami nilijifunga kitenge puani. Mwaka uliofuata nilikwenda hospitali Mwanza kupimwa, nikiwa na hakika nitaambiwa nimepona. Daktari alisema mapafu yana nguvu kuliko nilivyodhani, lakini ugonjwa huu hutulizwa tu, na kilichoharibika ile miaka ya mjini hakitarudi chote. Nikamuuliza kama nitazeeka. Akasema nikiendelea kujikinga hivyo, haoni kwa nini nisizeeke.

Njiani kurudi, basi liliposimama Nyashimo watu walinunua mahindi ya kuchoma, mimi nikatazama dirishani na machozi yakanitoka kidogo.

Nilimkuta mume wangu kwenye cherehani. Nikamweleza yote bila kupunguza. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa naloweka maharage," nikasema. "Kesho malori yanaanza."