Karatasi ya Hori la Ng'ombe

Ukitaka kumuudhi Nelius, mwambie ripoti zake zina kasoro. Katika maabara ya maji tunakofanya kazi, mjini Embu, ndiye aliyeipa kompyuta amri ya kugawa kurasa yenyewe. Zamani tulikuwa tukisukuma majedwali kwa mkono hadi kichwa kinauma. Siku hizi ukurasa ukijaa mashine inafungua mwingine, nasi tunaenda kunywa chai bila hata kuzitazama kurasa zenyewe.

Jumapili moja alinialika kwao, pande za Siakago, nikaone kisima kipya. Maji yake tulikuwa tumeyapima sisi wenyewe, tukayakuta na floraidi nyingi, ile inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Ripoti tukampa mwenyekiti wa kisima, Mzee Njoka. Tukajua basi, hayo ni ya mbuzi na ng'ombe.

Tulimkuta mama yake mferejini, kwenye bomba la kisima, akimnywesha mjukuu wake, Karimi.

"Mama! Unampa mtoto nini?" Nelius alipiga kelele.

"Si maji ya kisima? Na ripoti yenu imesema iko sawa."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umebandikwa juu ya mfereji, ndani ya nailoni. Chini ya namba zetu zote, mstari wa mwisho ulisema: "Kwa matokeo hayo, maji haya yanafaa". Hapo ukurasa ulikuwa umejaa, na mashine ikakata sentensi katikati, shenzi kabisa!

"Karatasi ya pili iko wapi?" niliuliza.

"Ile ya ng'ombe? Njoka aliiweka mahali yake."

Ilikuwa imepigiliwa msumari kwenye hori la kunyweshea, nyeupe tupu, na maneno matatu tu juu: "kwa mifugo pekee." Walidhani tumewatumia vibao viwili! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nelius aliing'oa, akakimbia nayo mferejini, akaibandika chini ya ile ya kwanza. Wanawake waliokuja na mitungi walisoma karatasi zote mbili.

Mama yake aliweka kikombe chini, akamfuta Karimi mdomo kwa leso.

"Watu walikuwa wanaogopa hii maji," alisema. "Ni mimi niliwaambia wakunywe. Niliwaambia hiyo ripoti imeandikwa na mtoto wangu."