Kiti cha Mgeni Kisiwani

Sisi tuliokulia Mtwara zamani zile hatukujua likizo za kupigia picha. Likizo ilikuwa kubangua korosho na kucheza rede mpaka uitwe kuoga mara ya tatu. Kwa hiyo Bibi aliponiambia nifungashe nguo, tunakwenda Kisiwa cha Msumbiji, nilijigamba mtaa mzima. Sikujua kwamba yeye mwenyewe ana hofu. Alizaliwa kule, akakimbia vita na mama yangu mgongoni, na sasa vita vimekwisha, lakini hakuwa na hakika kama mdogo wake, Bibi Zaina, angemtambua.

"Hivi nimezeeka sana?" aliniuliza njia nzima tangu tuvuke Ruvuma. Aliniuliza kwa Kimakua, nami nikamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu. "Mtoto huyu masikio ya kwetu, ulimi wa shuleni," akanung'unika.

Tuliingia kwa daraja refu, jembamba, bahari kulia, bahari kushoto. Kisha nikaiona ngome ya Wareno. Nilisimama chini ya ukuta wake nikainua shingo mpaka kitambaa cha kichwani kikanianguka. Ndani, akina mama walikuwa wakiteka maji ya mvua kwenye birika la wafalme wa Ureno huku wakicheka, kama wako kisimani kwao. Lakini kilichoniduwaza ni upande wa nyumba za makuti. Mawe ya majumba makubwa yalichimbwa pale pale, watu wakabaki kuishi ndani ya shimo. Tulisimama barabarani, mapaa yakiwa usawa wa magoti yetu, na moshi wa samaki ukitupandia kutoka chini. Sijawahi kushangaa vile tena maishani.

Tukateremka ngazi, Bibi akapiga hodi. Alitoka mwanamke aliyejipaka usoni msiro, ule mti wanaousaga kwa maji juu ya jiwe, mweupe kama unga wa muhogo. Alikuwa Bibi Zaina. Alitukaribisha vizuri, akatoa kiti, akakifuta vumbi, akampa Bibi. Yeye akaketi mkekani. Pale kwao kiti ni cha mgeni, wa nyumbani wanakaa chini, na Bibi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikikalia, mkoba kifuani, machozi yakimlengalenga. Akataja jina lake la utotoni, basi.

Bibi Zaina hakupiga yowe. Aliinuka, akaleta jiwe, maji na kipande cha msiro, akasaga taratibu. Kisha akasema kwa Kimakua, "Shuka kwenye kiti." Bibi akashuka mkekani, akapakwa paji la uso, mashavu, kidevu. Machozi yalipochora mistari, akapakwa tena. Walipogeuka kunitazama sikuweza kuwatofautisha. Niliingiwa na hofu nzuri, ile ya mtoto aliyeingia msikitini peke yake.

Leo niko Marekani, mtaa wa Columbia Heights, theluji imepanda mpaka dirishani, na jirani tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja simjui hata jina. Vijana wetu wameiona dunia nzima kwenye simu na hakuna kinachowashtua. Binti yangu Salma nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Bibi angekuwepo angecheka mpaka ashike mbavu.

Jumamosi iliyopita nilitoa jiwe la Bibi na kipande cha msiro alichoniachia, nikaanza kusaga jikoni. Salma alikuwa juu ya kile kiti kirefu cha kaunta, akinitazama.

"Mama, is that skincare?"

"Ni ya kwenu."

"Like, my own? Can I try?"

Nilimwangalia pale juu, miguu inaning'inia, na hofu ya Bibi ikanipata mimi. Siku nikimpeleka kisiwani watampokea vizuri sana. Watamtolea kiti, watakifuta vumbi.

"Shuka kwenye kiti," nikamwambia.

Akashuka, simu bado mkononi, akaketi sakafuni na kuniletea uso wake.