Ndoo ya Roswitha

Kwa miaka ishirini na saba, kila Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, Roswitha aliketi kwenye kona ya chekechea moja karibu na Stuttgart, Ujerumani, akiwa na ndoo ya maji miguuni. Wafanyakazi wenzake walipewa kinubi na mabawa ya malaika. Yeye alipewa ndoo. Watoto walipita mmoja mmoja gizani, kimya kimya, kwenye njia ya matawi ya misonobari iliyojizungusha kama nyumba ya konokono, kila mmoja na mshumaa uliochomekwa kwenye tufaha, ili akauwashe kwenye mshumaa mkubwa uliokuwa katikati. Wazazi walishukuru kinubi, malaika, hata matufaha. Ndoo, nani ana habari nayo?

Mwaka huu baba mmoja, msomi mwenye skafu ndefu kuliko akili yake, aliinama kumpiga picha bintiye kwa siri, na simu zimekatazwa. Skafu ikashika moto. Roswitha akammwagia ndoo nzima. Baba akapiga yowe, ukimya mtakatifu ukaishia hapo.

Mwalimu mkuu akamjia Roswitha amenuna. “Bi Roswitha, jamani, hukuweza kummwagia taratibu?”

“Samahani, mwalimu. Mwakani atakayeungua nitamwimbia kwanza.”