Siku Nilipoipita Treni ya Baba Mkwe

Katika Ibighi nzima, na pengine Rungwe yote, mimi ndiye mwanamke pekee ninayemjua aliyefika mbele ya baba mkwe wake akibiringika. Wapo waliojikwaa, wapo waliokutana naye kwenye kona wakaruka kwenye migomba, hao nawajua na niliwacheka sana, lakini kubiringika kutoka juu hadi chini, ndani ya tenga, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu waliotoka shambani na majembe yao, aibu hiyo ni yangu peke yangu, na kwa kuwa wajukuu zangu wanaisimulia vibaya (wanasema nilifika nalia, sikulia, nililia baadaye na kwa sababu nyingine), nimeona niiandike mwenyewe kwa mkono wangu huu wa darasa la pili.

Kwanza mjue adabu ya wakati ule. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamwoni baba wa mume wake. Sisemi hamkazii macho, nasema hamwoni kabisa, na yeye hamwoni. Ukimsikia anakohoa njiani unaingia kwenye majani, unainama na kujifunika kitenge mpaka apite. Chakula unampikia lakini anakipeleka mwingine. Jina lake hulitaji (amekufa zamani na hata leo sitalitaja, msinisumbue). Mimi nilikuwa nimeolewa na Ambakisye, mwanawe wa kwanza, na nilijisifu mpaka kisimani kwamba hakuna mkamwana wa kunishinda kwa adabu. Nilikaa na yule mzee kwenye mji mmoja, yaani ua mmoja, tangu nikiwa bibi harusi mpaka nina watoto, na nilichokijua kwake ni kikohozi tu, na alama za viatu vyake kwenye tope.

Sasa mzee huyo alikuwa na wazimu wa reli. Alikwenda kujenga ile reli mpya ya kwenda Zambia, akabeba mataruma milimani, na kazi ilipokwisha wenzake walirudi na redio na baiskeli, yeye akarudi na treni ndani ya macho. Akaanza kuchonga. Alipasua mianzi, akaitandaza juu ya vijiti kama reli, ikaanzia juu karibu na zizi la ng'ombe, ikazunguka mibuni, ikateremka mpaka chini kwenye uwanja wa wanaume, na hapo akasimamisha kibao kilichoandikwa STESHENI. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la majani ya chai, magurudumu yalikuwa vile vigogo vya mti vinavyozungushiwa uzi wa cherehani, na treni ilishuka kwa uzito wake yenyewe, kisha ikavutwa juu kwa kamba. Mtasema ni mchezo wa watoto. Mngewaambia hivyo wale wazee, mngekula fimbo.

Maana hakuwa peke yake. Alikuwepo Mzee Saidi, fundi cherehani wa Msasani (ya kwetu Tukuyu, siyo ile ya Dar es Salaam), ambaye ndiye aliyeleta vile vigogo vya uzi na kwa sababu hiyo alijiona ana hisa kwenye treni. Na alikuwepo Mzee Gwamaka wa Kinyala, aliyejenga reli pamoja na baba mkwe, mtu wa maneno makali kama pilipili kichaa. Walikutana alasiri za Jumapili, wakaketi wote watatu wanatazama kopo likishuka, na wakalijadili kama wazee wengine wanavyojadili ng'ombe wa mahari. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, sioni kitu, nasikia kila kitu.

Ndipo Jumapili moja nikamsikia Mzee Gwamaka, "Treni yako inabeba hewa, bwana. Tulivunja migongo kule milimani ili ibebwe hewa? Behewa la mizigo liko wapi?"

Ikawa kazi. Baba mkwe akachonga behewa la mbao, likafika kwenye kona ya mibuni likalala ubavu. "Zito," wakasema. Akakunja la bati, likaruka nje ya reli likipiga kelele kama sufuria linaloanguka. "Jepesi," wakasema. Wakanuna wote watatu, na mimi nikiwa napepeta mahindi nikajikuta namwambia mama mkwe, "Mama, si asuke tu?"

"Asuke nini?"

"Behewa. La mianzi, kama kapu. Kapu linabeba na halina uzito."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango, lakini alikwenda akasema. Kisha akarudi ameshika kijifremu chenye magurudumu yake manne. "Amesema hivi: mwenye mdomo ana na mikono. Suka tuone."

Nawaambieni ukweli, treni sikuwahi kuiona kwa macho. Nilikuwa nasuka mguu wa mnyama nisiyemjua. Nikamtuma mama mkwe aulize behewa la mizigo linafananaje, na Mzee Gwamaka akapaza sauti kuuelekea ukuta wa jiko (yeye hakuwa baba mkwe wangu, aliruhusiwa): "Ni ghala lililoamua kusafiri, mwanangu!" Nilisimama pale na ungo mkononi, mwili ukanisisimka. Ghala zima, na mlango wake na mahindi yake, linasafiri. Usiku huo nilisuka nikiliwaza.

La kwanza lilirudi na salamu za "linayumba kama mtu anayetoka kilabuni." Nikapanua kitako. La pili likarudi na neno la Mzee Saidi, "Mshono wa pembeni unafumuka, mwambieni apige pindo," na kweli nilipolipiga pindo kama la gauni likakaza. Kisha kuta zikawa ndefu mno, upepo unalishika. Nikazikata. Kila neno lilipitia kwa mama mkwe na yeye aliongeza chumvi yake, siku nyingine nilishindwa kujua kama ni wazee wamesema linanuka moshi au ni yeye amesema mimi nanuka moshi. Mpaka Jumapili moja hakuna neno lililorudi, ila nikamsikia Mzee Gwamaka anamwita Mungu kwa lugha yetu, polepole, "Ee Kyala." Basi.

Lilikuwa linakwenda. Behewa langu linakwenda, na mimi ndiye mtu pekee pale mjini ambaye hakuwahi kuliona likienda, kwa sababu uwanja ni wa wanaume na mwenye uwanja ni baba mkwe. Ni kama kuzaa mtoto halafu unamsikia anacheka kwa jirani.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza kijijini. Zilikuwa siku za Ujamaa, kila mtu na jembe lake shamba la kijiji, na watu wakawa wanaulizana mteremko mzuri vile kwa nini unalala na vijiti wakati ungebeba migomba. Mwenyekiti akaja mwenyewe kumwambia baba mkwe, kwa adabu lakini alimwambia. Baba mkwe akajibu (nilisikia, ukuta ule ulikuwa rafiki yangu): "Njooni wote siku ya kutoka shambani. Mtapakia maharage ya kijiji kwenye behewa. Yakifika chini salama, mtaniacha na reli yangu. Yakimwagika, naing'oa mwenyewe na migomba napanda mwenyewe."

Siku ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi (Tukuyu bwana, mvua haina adabu ya kwako na ya kwangu), majani yakawa yanateleza kama samaki. Mama mkwe akaniambia, "Wewe kaa jikoni." Nikasema ndiyo mama. Na ningekaa, wallahi kama anavyosema Mzee Saidi, ningekaa, lakini karibu na zizi kulikuwa na tenga letu kubwa la mahindi, refu, la mviringo kama pipa, limefunikwa mdomo chini likauke, na lina matundu, na mtu akichuchumaa ndani yake haonekani ila anaona. Nikajiambia nakwenda mara moja tu. Na humo ndani hata akinitazama hanioni, kwa hiyo adabu haijavunjika. (Angalieni mtu anavyojidanganya akitaka kitu.)

Nikaingia. Kupitia tundu nikauona mteremko wote, na chini kabisa watu, na katikati yao kofia. Sikuitazama kofia. Mwenyekiti akasema maneno yake, "Ndugu wananchi," mambo ya kujitegemea, akayamimina maharage kwenye behewa kwa mkono wake, wakaivuta treni mpaka juu, karibu yangu kabisa, ningeweza kuigusa. Mzee Gwamaka akaachia kamba.

Jamani, mimi nimeona mengi baadaye, nimepanda hiyo treni yenyewe kubwa nikaenda nayo Dar es Salaam kumwona mjukuu wangu anayesoma, lakini sijaona kitu kama kile. Kopo lilitangulia, na nyuma yake likafuata langu, chini chini, pana, limejaa, halitikisiki, vigogo vya uzi vinazunguka vinatoa sauti kama mtu anayenong'ona, na maharage yametulia juu yake kama yamelala. Wingu likafunguka kidogo juu ya mlima wa Rungwe, jua likapiga mianzi ya reli yenye maji, ikang'aa mistari miwili mpaka chini, na lile ghala langu likawa linasafiri. Nilisahau kupumua. Nilisahau mimi ni mke wa nani. Na lilipoingia kwenye ile kona, ile ile kona iliyoua la mbao na la bati, likajificha nyuma ya mibuni, mimi nikainama nilione, nikainama zaidi, na tenga likainama nami.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mbingu, majani, mbingu, majani, na kitenge kimenizonga kichwani, na sauti ya Mzee Saidi ikipaa juu ya zote, "Jamani, behewa la pili linakuja!"

"Halina reli hilo!" akalia Mzee Gwamaka. "Pisheni! Pisheni!"

"Hilo halikuwa kwenye ratiba," nikamsikia mwenyekiti, na wanaume wazima wakaruka huku na huku na majembe yao. Wanasema treni niliipita pale chini ya mibuni. Niliipita, nikaiacha nyuma, nikafika stesheni kabla yake, nikagonga benchi la wageni na kutoka tengani kichwa mbele kama ndama anayezaliwa.

Mbele ya pua yangu kulikuwa na viatu. Viatu hivyo nilivijua. Alama zake nilikuwa nikizifagia kila asubuhi.

Basi mimi nikavuta tenga nikalirudisha juu ya kichwa, na wakati huo huo yeye akavua koti lake akajifunika gubigubi, na tukabaki hivyo, mke wa mwana ndani ya tenga na baba mkwe ndani ya koti, hatua mbili kati yetu, watu wote wamenyamaza, hakuna aliyejua amtazame nani. Ukimya ule mpaka leo ukinijia nikiwa peke yangu nafunika uso.

Kisha ndani ya koti ikatoka sauti. "Limefika?"

Wote walikuwa wametukodolea sisi.

"Nauliza, behewa limefika?"

Nikachungulia tunduni. Lilikuwa limesimama chini ya kibao, kimya, kama limekaa hapo siku zote. Na mimi ambaye sikuwahi kutamka neno mbele yake, nikamjibu humo ndani ya tenga kwa neno letu la kumwita baba, "Limefika, tata. Hata punje haijamwagika."

"Ndaga," likasema koti, ndiyo asante ya kwetu. Halafu likasema, "Sasa mpelekeni huyo jikoni, nakosa hewa humu."

Hapo ndipo watu walipopasuka. Walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini kwenye tope. Mama mkwe alinishika mkono ananivuta, mimi bado nina tenga kichwani, ananisema hatua kwa hatua, "Adabu ya kisimani hiyo? Ndiyo adabu ya kisimani?" Wazee wakakaa, kuku akachinjwa wa kuosha aibu, na Ambakisye mume wangu, badala ya kunitetea, alikuwa akiniona anatoa sauti ya honi ya treni.

Lakini siku chache baadaye nikasikia kule mteremkoni ko, ko, ko, mianzi inang'olewa. Nikakaa chini jikoni. Nikasema ndiyo hivyo, behewa limeshinda na mimi nimeliua, mzee hawezi tena kukaa na kitu kilichomvunjia heshima. Hapo ndipo nililia, msimulie vizuri.

Mama mkwe akaja mlangoni. "Unalia nini? Toka nyuma uone."

Nikatoka. Reli ilikuwa imehamishwa. Kutoka zizini sasa haikuzunguka mibuni tu, ilikuja upande wetu, ikapita mbele ya mlango wa jiko, pale pale ninapokaa kusuka, ndipo ikashuka uwanjani. Na mlangoni kulikuwa na kibao kipya kidogo.

"Amesema," mama mkwe akasema, na safari hii hakuongeza chumvi, "stesheni ya mizigo hukaa karibu na mzigo."

Tangu hapo kila Jumapili kabla treni haijaachiwa baba mkwe alikuwa anaketi kule chini, ametugeuzia mgongo, anakohoa. Kikohozi kile kile. Zamani nikikisikia nilikimbia kujificha, sasa nikikisikia niliacha chungu kinaungua, nikatoka mlangoni, nikasimama wima, nikalitazama behewa langu likipita mpaka liishie.

Tenga sijaingia tena na sitaingia, na yale makubwa nayalaza yameegemea ukuta, mdomo umeutazama ukuta, yasinishawishi. Na nyie mnaosoma, mkitaka kuona kitu, ombeni kuona. Mdomo haubiringiki.