Rota ya Gari la Baba

Kwa miaka kumi na mmoja kaka mtu hakuwahi kuvuka barabara. Upande wake kulikuwa na gereji ya ukuta mrefu na lango la bluu. Upande wa pili, mkabala na lango hilo hilo, kulikuwa na kibanda cha mabati cha mdogo wake wa kike, fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Kaka akiwa na stata ya kutengenezwa, alimtuma mmoja wa mafundi wake. Wakikutana uso kwa uso, aliangalia saa yake kama mtu anayechelewa kikao. Kwa hiyo Jumatatu ile Cheche alipoinua macho na kumwona amesimama mbele ya meza yake, mwenyewe, bila kumtuma fundi, alielewa mara moja kwamba maji yamemfika shingoni. Na alifurahi. Tusimpambe: alifurahi mpaka vidole vikamcheza.

"Habari za kazi, mdogo wangu."

"Nzuri."

Hakumkaribisha kiti. Kiti kilikuwepo, ila juu yake kulikuwa na betri, na kwa maoni ya Cheche betri ile ilistahili kukaa kuliko mgeni.

Kaka akazunguka weee, akauliza hali ya afya, akasifu mabati, mwisho akatema. Gari la marehemu baba lilikuwa halishiki moto. Kifuniko cha distributa, lile kopo linalogawa umeme kwa plagi kwa zamu, kilikuwa kimepasuka, na rota iliyomo ndani, kile kipande kinachozunguka na kuupeleka umeme kwenye kila waya, ilikuwa imeungua ncha. Alikuwa amezunguka maduka yote ya vipuri. Wauzaji wa siku hizi walimwangalia kama ameomba kwato za farasi.

"Wewe unajuana na watu wa vyuma chakavu," alisema. "Alhamisi saa nne walimu wa chuo cha ufundi wanakuja kuliona. Wanatafuta mtu wa kufundisha vijana namna ya kutengeneza gari kwa vipuri vya kubahatisha. Wamesikia habari zangu."

"Habari zako," Cheche alisema.

"Ndiyo. Za lile gari."

Cheche akaendelea kukaza skrubu. Aliikaza mpaka kichwa chake kikachubuka, kisha akasema, "Nitakutafutia."

Sasa ni lazima mwelewe habari za lile gari, msije mkamwona mwanamke huyu ana roho ya kutu bure. Baba yao alikuwa fundi, na gereji ilikuwa yake kabla haijawa ya mtu mwingine. Aliwafundisha watoto wote wawili, wa kiume akajifunza kuongea na wateja, wa kike akajifunza injini. Mzee alipougua akalazwa chumba cha uani, dirisha likitazama banda la magari, gari lake lilikuwa limekufa pale pale mbele ya macho yake, na distributa yake haikupatikana popote duniani. Kila alipofungua macho aliliona. Cheche hakuvumilia. Kwa wiki sita alichimba kwenye majalala ya vyuma. Distributa akaitoa kwenye lori dogo lililopinduka. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, ilitoka kwenye injini ya pampu ya maji, na kwa kuwa haikuenea ndani aliifunga kwa nje, kwa kipande cha bati la kopo la maziwa. Platini, zile ncha zinazokata na kuunga umeme, zikatoka kwa mtu aliyekuwa anazitumia kuzuia mlango.

Alipomaliza kufunga, injini ilikataa. Siku tatu ilimkoholea masizi usoni. Siku ya nne ndipo alipogundua: ulimi wa chini wa distributa ya lori uliingia kwenye injini ukiwa umegeuka nusu duara, kwa hiyo rota ilianza kuhesabu kutoka nyuma. Waya wa silinda ya kwanza, ambao mafundi wote huuweka upande wa rejeta bila hata kufikiri, kwenye gari hili ulitakiwa kukaa upande wa dereva, na nyingine ziufuate kutoka hapo. Alizibadilisha nyaya, akawasha. Injini ikashika, ikatulia, ikaimba.

Akakimbia kwenda chumbani, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alifika mlangoni akamkuta kaka yake ameketi kitandani, ameushika mkono wa mzee.

"Nani ameiwasha?" mzee aliuliza, kwa sauti ile nyembamba iliyokuwa imembakia.

"Mimi, Baba," kaka alijibu. "Nimemalizia leo asubuhi."

"Asante, mwanangu. Nimeisikia."

Cheche alisimama mlangoni. Angesema nini? Kubishana juu ya kitanda cha mgonjwa? Alijiambia atamweleza mzee kesho wakiwa wawili tu, na kesho mzee hakuwa wa kuelezwa kitu tena. Msibani kaka aliisimulia hadithi ile mbele ya wazee na wateja, alivyohangaika wiki sita, alivyofunga kondensa kwa bati la maziwa. Wakamwona ndiye mrithi. Mwezi haujaisha, vifaa vya Cheche viliwekwa kwenye boksi na boksi likawekwa nje ya lango la bluu. Naye hakwenda mbali. Alijenga kibanda mahali ambapo kaka akifungua lango lake kila asubuhi, kitu cha kwanza kukiona ni yeye.

Hiyo ndiyo sababu ya kinyongo, na mimi simlaumu.

Jumanne aliamkia kwa Babu Kutu, mzee wa vyuma chakavu, ambaye hakuwahi kutupa kitu wala kujua kilipo. Walipekua pamoja. Kifuniko cha lori walikipata kizima kabisa chini ya karai, kimejaa njugu za panya. Rota ya lori haikuwepo. Cheche akachukua ya injini nyingine, iliyokuwa ndefu kupita kiasi, akarudi nayo kibandani akaisugua ncha kwenye msasa, anapima, anasugua, anapima, mpaka nafasi kati ya ncha yake na vishikizo vya kifuniko ikatosha kupitisha karatasi ya kiberiti bila kukwaruza.

Wakati anasugua, shetani alimtembelea. Kwenye droo alikuwa na kifuniko kingine chenye ufa mwembamba kama unywele. Angekipaka vanishi, kingeng'aa, kingefanya kazi nusu saa na kufa mbele ya wageni. Alikitoa hata mezani. Akakitazama, akakirudisha. Si kwa huruma, msimsingizie. Alijua kaka yake angepiga kelele kwamba kauziwa kipuri kibovu na dada mwenye wivu, na watu wangemwamini. Hapana. Alitaka kaka aaibike akiwa na kipuri kizima mkononi, asipate hata mtu wa kumtupia lawama.

Hakujua bado itakuwaje. Alijua tu kwamba mtu huyu hajawahi kuigusa ile distributa, na kwamba uongo wa miaka kumi na mmoja lazima una mahali umelegea.

Jumatano mchana alivuka barabara, kifuniko kwenye mfuko wa kulia, rota wa kushoto. Akaingia kwenye lango la bluu. Gari la baba lilikuwa katikati ya uwanja limepakwa nta, boneti limefunguliwa, injini imesafishwa mpaka inatia aibu. Na kwenye kamba, katikati ya maovaroli mawili, nyaya tano za distributa, nne za plagi na ule wa katikati unaoleta umeme, zilikuwa zimeanikwa, zimefuliwa kwa sabuni, zinachuruzika maji.

Baba yao alikuwa mtu wa sheria chache, na hii ilikuwa ya kwanza: kifuniko kipya kinakaa ubavuni mwa cha zamani, na nyaya zinahamishwa mmoja mmoja; wa pili hauguswi mpaka wa kwanza umekaa. Mtu aliyeifuata sheria hii angeweza kuwa kipofu na bado gari lingewaka. Kaka alikuwa ameng'oa zote kwa mkupuo, kwa ajili ya usafi, na kifuniko cha zamani kilichokuwa ushahidi pekee kilikuwa kwenye pipa la taka, nyang'anyang'a.

Cheche aliangalia kamba. Alikuwa na neno moja la kumwokoa mtu huyu, na alilihisi limekaa kwenye ulimi. Kwa ajili ya mzee, akatoa nusu yake.

"Kaka, unajua utakavyozirudisha?"

Mafundi watatu wakaacha kazi kusikiliza. Kaka akacheka ili wamsikie.

"Sasa wewe ndiye wa kunifundisha gari nililoliunda mwenyewe?"

"Basi sawa, kaka," Cheche alisema, akamkabidhi kifuniko na rota. Alirudi kwake akila muwa, na muwa haukuwahi kuwa mtamu vile.

Alhamisi walimu walifika wawili, mwanamume mwenye mkoba na mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kaka alivaa shati jeupe. Lango liliachwa wazi wapita njia waone, na Cheche akavuta stuli yake mpaka ukingoni mwa barabara, akakaa mguu juu ya mguu.

Kaka alisimulia wiki zake sita, na miaka kumi na mmoja ya gari kuwaka. Alisimulia vizuri, maana alikuwa na mazoezi. Kisha akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikapiga mshindo mmoja kupitia kabureta uliowarusha kunguru kwenye paa. Akainama kutazama, akamwashiria fundi arudie, na wa pili ukamkuta uso umo ndani. Alipoinuka, shati lilikuwa na madoa na masharubu yanafuka moshi.

"Nyaya ziko sawa," alisema. "Ni hiki kipuri."

Mwalimu mwenye miwani alikitoa kifuniko, akakigeuzageuza juani, akaichungulia rota. "Kipuri hakina kasoro," alisema. "Tena rota imesuguliwa na mtu anayejua. Ila distributa hii si ya injini hii. Ulipoifunga, waya wa kwanza uliuanzia wapi?"

"Upande wa rejeta. Kama kawaida."

"Na gari liliwaka hivyo miaka kumi na mmoja?"

Mafundi wake wakaanza kutazama viatu vyao. Macho ya kaka yakatoka mle uwanjani, yakapita langoni, yakavuka barabara, yakamkuta dada yake ametulia juu ya stuli. Naye hakuinuka. Ikabidi kaka avuke, masizi usoni, mbele ya watu wote, kwa mara ya pili katika wiki moja.

"Mdogo wangu, nisaidie. Nakuomba."

"Nikusaidie kwa kazi ya nani?"

"Usinifanyie hivi."

"Kazi ya nani, kaka? Waambie wao, mimi naijua."

Akageuka kuwatazama walimu waliokuwa wamefika langoni. "Ni yeye," alisema hatimaye. "Yeye ndiye aliyeliunda. Mimi sikuligusa."

Cheche akavuka. Hakuwa na haja ya kufikiri: waya wa kwanza upande wa dereva, kisha kwa zamu ya kuwaka wa tatu, wa nne, wa pili, na ule wa tano katikati. Akaingia akaketi kwenye kiti cha baba, akazungusha. Injini ikashika, ikatulia, ikaimba vile vile kama siku ile. Mwalimu wa kike akatoa kalamu na kumwuliza anapatikana wapi. Cheche akamwonyesha kibanda kwa kidole, akamgeukia kaka yake.

"Baba alikupa asante yangu," alisema. "Nirudishie. Hapa hapa."

Watu hawakuelewa. Kaka alielewa.

"Asante," alisema. "Nimeisikia."

Cheche alisikiliza kwa makini. Kwa miaka yote ile aliamini kwamba akiyapata maneno yale atamsikia mzee ndani yake. Alisikia sauti nene ya mtu mzima mwenye masizi kwenye masharubu, basi. Ile nyembamba haikuwemo, na haikuwa mali ya kaka kuirudisha. Hasira iliyokuwa inaanza kushuka ikapanda upya.

Akazima injini. Akafungua vibanio vya kifuniko, akachomoa rota, akaipangusa kwenye ovaroli na kuitia mfukoni. Kisha akavuka barabara.

Siku hizi Cheche hufundisha chuoni mara mbili kwa wiki, na siku nyingine yupo kibandani. Nyingine kama ile rota Babu Kutu hana, na hakuna mwingine aliyenayo. Kaka akitaka kulitoa gari la baba huja mwenyewe asubuhi, wateja wakiwa wamejaa, akasimama mbele ya meza.

"Naomba rota ya gari la baba."

"Gari lililoundwa na nani?"

"Na wewe."

Cheche humpa, na jioni kaka huirudisha. Betri bado imekaa kwenye kiti.