Binti wa Kihindi Aliyesema Maneno Yangu

Filamu niliyoipenda kuliko zote siijui jina. Kaseti ilifika mjini kwetu Arua bila jalada, na waigizaji walisema Kihindi, lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, akiwemo mume wangu, aliyelipwa kuitafsiri.

Hiyo ndiyo kazi aliyoipata tuliporudi kutoka uhamishoni Zaire. Alisimama pembeni ya televisheni katika kibanda cha video mjini, maikrofoni mkononi, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, akiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, maana kwenye mabenchi yale walikaa Walugbara, Wakakwa, wakimbizi wa Sudan na wafanyabiashara wa Kongo, na kila mmoja alitaka kuelewa. Asubuhi aliitazama kaseti peke yake aone nani analia na nani anakunja ngumi. Mchana akawatilia maneno kinywani. Maneno ya mpenzi wa steringi, yule binti wa kukimbiakimbia bustanini, aliyatoa kwangu.

Mara ya kwanza, katika filamu hiyo isiyo na jina, nilidhani naota. Binti mwenye kipini puani alimgeukia baba yake tajiri akamwambia, "Mimi si jamvi ya wageni, kila mtu anakuja tu kukaa." Maneno hayo nilikuwa nimemwambia mume wangu juzi yake, alipoleta marafiki nyumbani kwetu Awindiri bila taarifa. Kibanda kizima kilicheka. Walionijua wakageuka kunitazama, nami nikakaa wima, shingo juu. Nitadanganya nikisema sikuringa. Niliringa haswa. Kuanzia hapo kila Jumapili nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kujisikiliza.

Kisha ikaja filamu nyingine. Steringi amepigwa, anaingia kwa mpenzi wake damu imemjaa usoni. Nikangoja. Mimi ningemuuliza ametoka wapi saa hizi na aliyempiga yuko wapi. Lakini binti akasema polepole, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwa mume wangu: "Mutu wangu, ikala kwanza, kunywa mayi. Maneno ya batu haina mwisho."

Tangu nizaliwe sijamwambia mwanamume akae kwanza. Na Kiswahili hicho hakikuwa kile cha kambini tulichokulia mimi na yeye, watoto wa askari. Kilikuwa cha Kongo, ng'ambo ya mpaka. Watu hawakucheka safari hii. Walinyamaza, wanaume hasa, na mmoja mbele yangu akashusha pumzi. Wivu ukanishika pale pale kwenye benchi.

Nyumbani nikamuuliza huyo wa mayi ni nani.

"Ni filamu tu," akasema. "Sasa unaonea wivu televisheni?"

Kikulacho ki nguoni mwako, nami si mtu wa kungoja kinimalize. Alikuwa akienda Vurra, mpakani, mara kwa mara, ati kuwatafuta wenye kaseti. Basi nikapanda lori la mizigo hadi Vurra, nikapita kwenye meza za wauza vitenge, moja baada ya nyingine, nikiuliza bei ili tu wanawake wale wafungue vinywa. Wengine walinijibu kwa mkato, wengine walinisonya kwa kupapasa nguo bila kununua. Sikujali.

Karibu na uzio wa forodha alikaa mmoja mwenye sura ya kawaida kabisa. Hilo lilinichoma. Angekuwa mzuri ningeelewa, ningemtukana kidogo nikarudi kwangu. Akaona jasho linanitoka, akanisogezea kigoda.

"Mama, ikala kwanza. Kunywa mayi."

Nikakaa. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi na moyo wangu ukatulia, na hapo nikajua nimeshindwa, kwa sababu kama ameweza kunituliza mimi niliyekuja na shari, mume wangu angepona vipi?

Alimuoa kabla mvua hazijakwisha. Akamweka Koboko kwa mama mkwe wetu, mimi nikabaki mjini. Kwenye filamu, mpenzi wa steringi akawa yeye moja kwa moja. Mimi sikufutwa, nilihamishwa tu. Nilipokwenda tena kibandani nilikuta maneno yangu yote yako kinywani mwa mama wa kambo, jimama lenye nyusi nene linalomfungia binti wa watu chakula kabatini. Watu walicheka kama zamani. Nilitoka kabla steringi hajaoa.

Sikukuu ya Idd ilitukutanisha Koboko, wake wenza wawili jikoni. Alinipa heshima yangu yote, akaniita mama, akanipokonya ndoo ya maji nisijichoshe. Roho iliniuma kila aliponitendea wema. Nikamuuliza kama anapenda video.

"Sijaona hata moja," akasema, akipepeta mchele. "Ndani ya batu wengi vile nasikia haya. Wewe uliona. Bwana yetu iko nafanya nini mule?"

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Hakujua kwamba wanaume wa Arua walinyamaza kwa ajili ya maneno yake, kwamba vijana waliyakariri wakaenda kuwaambia wachumba wao, kwamba mume wetu alimvika hariri na kumweka katikati ya bustani ya maua kila Jumapili. Ningemwambia, uso wake ungenawiri. Najua ungenawiri vipi, maana wangu ulinawiri hivyo hivyo.

Aliweka ungo chini akasubiri jibu.

"Moshi wa jenereta na kelele," nikamwambia. "Hukosi kitu."