Nilitumia mwezi mzima kumchagulia kaka yangu pad ya kuchezea magemu ya zamani, nikasahau kitu kimoja tu

Wakuu, salaam kutoka Lushoto, kwenye baridi inayomfanya mtu mzima aandike akiwa amevaa soksi mbili mbili.

Ninachowasimulia kimetokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga ningejiweka mahali pazuri zaidi.

Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka chini, ila atapitwa na sehemu ninayoaibika, na nawajua, ndiyo mnayoitaka.

Kwanza niwape picha ya nyumbani.

Tunaishi Irente, mimi, mama na kaka yangu mkubwa ambaye hapa nitamwita Yona. Mimi nanunua karoti na kabichi kwa wakulima wa Malindi, hii ya huku huku Lushoto, napeleka Dar. Kaka alikuwa fundi mbao, tena fundi haswa. Milango mingi ya mtaani kwetu ni kazi ya mikono yake.

Mwaka jana mashine ya kupasua mbao ilimchukua kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Kidonda kilipona. Yeye hakupona.

Mkono ukahamia mfukoni mwa koti, na kwa baridi ya huku hakuna wa kushangaa. Kanisani akaacha kwenda. Wageni wakija kumjulia hali anaingia chumbani mpaka waondoke. Chakula anakula sisi tukishamaliza.

Na sisi tukawa waangalifu kupita kiasi. Hakuna anayetaja mkono, hakuna anayetaja mbao. Mama akitaka kuni zipasuliwe alikuwa ananifuata mimi na kuninong'oneza, utadhani tunapanga wizi.

Nilikuwa nampoteza kaka yangu huku analala chumba cha pili. Hilo liliniuma sana wakuu, naomba mlielewe kabla hamjaanza kunicheka.

Sasa, tukiwa wadogo tulikuwa na TV game, zile za kaseti ya njano, tunachomeka kwenye TV ya chogo. Kaka ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa na gemu moja la ndege za vita, unapiga maadui wanaoshuka, ukifa unampa mwenzako pad. Kaka ndege ikikata kona na yeye anainama nayo mpaka anadondoka kwenye kigoda.

Nikajisemea, nikimrudishia lile gemu atatoka chumbani. Akitoka mara moja, atatoka tena.

Gemu lenyewe kulipata si kazi. Siku hizi unaweka emulator, yaani app inayoifanya simu ijifanye ile mashine ya zamani, na mchezo unafunguka vilevile mpaka na makelele yake. Kazi ni kucheza. Ukibonyeza kwenye kioo, kidole chako kinafunika ndege yako mwenyewe, unakufa hujui nani kakuua.

Kwa hiyo inatakiwa pad, ndogo, ya kubebeka, ya kufunga kwenye simu.

Na hapo ndipo nilipopoteza akili.

Wakuu, nilisoma. Nilisoma kuliko nilivyosoma nikiwa shule, na matokeo yangu ya shule yanathibitisha hilo.

Nikaangalia review usiku na mchana, nyingine za Kichina, silijui neno hata moja, natazama tu vidole vya yule mtu. Kuna pad za Bluetooth, nikazikataa kwa sababu zinachelewa kidogo, unabonyeza sasa ndege inasikia baadaye. Kuna zile zenye kioo chake kabisa, nikaona kaka atajifungia nayo huko huko chumbani. Nikabaki na zile zinazovutika, unazifungua kama unavyofungua mdomo wa mbuzi kumpa dawa, unaweka simu katikati, zinaibana pande zote mbili na kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Hata hizo ziko aina nyingi. Na tofauti yake kubwa, wataalamu wote walikubaliana, ni D-pad. Huo ndio ule msalaba wa upande wa kushoto, wa kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Magemu ya sasa yanatumia zile fimbo za kuzungusha, lakini gemu la zamani ni D-pad tu. D-pad mbovu, ndege inakwenda isikotumwa.

Basi nikawa mtu wa D-pad.

Hii ngumu mno, itamuumiza dole gumba. Hii laini mno, dole gumba litateleza. Hii imekaa chini sana, dole gumba litajikunja. Shambani Malindi mkulima ananionyesha karoti, mimi natikisa kichwa huku dole gumba langu la kushoto linajizungusha hewani linafanya majaribio. Yule mzee akadhani sijaridhika na mzigo wake, akaniongezea fungu. Nilipokea.

Hatimaye nikachagua, nikaagiza Dar.

Kifurushi kikapakiwa kwenye basi la kwenda Arusha, kikatakiwa kishushwe Mombo, chini ya mlima wetu. Kondakta akasahau, akakishusha Mazinde kwa mama mmoja muuza matunda. Nikashuka mlima na koti langu la Irente, koti zito la kuzuia ukungu, nikafika Mazinde kwenye jua lile. Yule mama alinitazama nilivyoloa jasho akanipa maji kabla ya kunipa mzigo. Akaniuliza ni dawa ya mgonjwa? Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani ni dawa. Nilijisikia mtu mkubwa sana wakati nasema vile.

Jumapili, tumetoka kanisani mimi na mama, nikaandaa sebule. Jiko la mkaa katikati. Chai ya tangawizi. Mama anachambua maharage ya makande. Nikagonga kwa kaka.

"Kaka, nakuomba sebuleni kidogo. Kuna kitu nataka ukione."

Akatoka. Nadhani alitoka kwa sababu ya sauti yangu, ilikuwa ya bwana harusi mbele ya mchungaji. Akakaa, mkono mfukoni.

Nikatoa pad na simu ikiwa imeshabanwa, gemu limefunguka, ule wimbo wa mwanzo unalia. Nikamwona uso unafunguka kidogo. Na ningenyamaza pale pale leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Ila nilikuwa nimesoma mwezi mzima, na mtu aliyesoma lazima aeleze.

Nikamweleza habari za Bluetooth kuchelewa. Nikamweleza habari za tundu la chaji. Kisha nikafika kwenye somo langu.

"Lakini kaka, chote hicho si kitu. Hapa ndipo penyewe. Hii D-pad nimeitafuta sana. Weka dole gumba lako la kushoto hapa usikie."

Mama akaacha kuchambua maharage.

Mimi bado natabasamu wakuu. Nimenyoosha pad, nasubiri sifa. Ilibidi nimtazame mama usoni ndipo nikasikia nilichokisema.

Kaka akatoa mkono mfukoni. Taratibu. Akautazama, akaitazama D-pad, akanitazama mimi.

"Hiki ndicho kilichokuchukua mwezi mzima?"

"Ndiyo, kaka."

"Dole gumba la kushoto."

"Kaka, nisamehe."

Akachukua pad na simu yangu juu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama akasema jambo kwa Kishambaa ambalo sitalitafsiri hapa kwa sababu mods wataufuta uzi. Halafu akaniambia, kwa upole ulioniumiza zaidi, "Nenda kapasue kuni."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilitamani kulia na nadhani nililia kidogo, moshi wa jirani ulinisitiri. Mtu anatafuta dawa mwezi mzima halafu anaipaka kwenye jicho la mgonjwa. Nikawa nahesabu kwamba sasa hata sebuleni kwenyewe hatakuja tena, na mwenye kosa ni mimi.

Dirisha la kaka liko upande ule ule wa kuni.

Nikasikia kile kimlio cha ndege kulipuka.

Nikasimamisha shoka. Kisha kikalia tena. Na tena. Mtu alikuwa anakufa vibaya sana mle ndani.

Halafu dirisha likafunguka.

"We bwana mdogo, acha kuua kuni. Njoo."

Nikaingia. Kaka amekaa kitandani na pad yangu ya kitaalamu ameigeuza juu chini. Kioo cha simu kimejigeuza chenyewe, kwa hiyo picha iko sawasawa, ila ile D-pad sasa iko upande wa kulia, chini ya dole gumba lake zima. Pad ameilaza pajani, na vidole vya mkono wa kushoto vinagonga batani za kupigia risasi.

"Nimeiweza nusu," akasema. "Ila ndege inakwenda kinyume. Nikibonyeza juu inashuka. Wewe si umesoma? Rekebisha."

Wakuu, katika elimu yote niliyojaza kichwani, hicho ndicho kipande pekee kilichofanya kazi. Nikaingia kwenye settings, juu nikaifanya chini, kushoto nikaifanya kulia, nikamrudishia. Mwezi mzima wa kusoma, kazi yake ikaisha kabla chai haijapoa.

Akacheza. Akafa. Akanipa, nikafa haraka kuliko yeye, nikamrudishia. Alipofika kwenye ile ndege kubwa ya mwisho wa hatua akainama nayo upande, karibu adondoke kitandani, akafa tena.

Akacheka. Cheko la kaka Yona lenyewe, la tumboni. Mama alikuja mlangoni na sufuria mkononi akasimama tu.

"Hapa hata nikiwa na vidole kumi nilikuwa sipiti," kaka akasema.

Ukiacha yale ya sebuleni, ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kwa yeyote mle ndani kusema neno vidole.

Nikaanza tena kuomba msamaha. Nikamwambia kaka, nilisahau, wallahi sijui nilisahauje.

Akaweka pad chini.

"Mdogo wangu, nyie wote mkinitazama mnatazama mfuko wa koti. Hata mkiangalia pembeni najua mnauangalia. Wewe leo ulikuja na maneno yako marefu ya kuchosha, ukaniambia weka dole gumba hapa. Ulikuwa unaongea na mimi, na mimi nimeongelewa kama mgonjwa mpaka nimechoka. Ungekumbuka ndiyo ningekasirika."

Nikamwambia ni zamu yake.

Usiku ule alikula makande pamoja na sisi, bakuli amelishika kwa mkono wa kushoto.

Nilichojifunza mimi, na sikilazimishi kwa mtu: tulidhani tunamheshimu kwa kunyamaza, kumbe tulikuwa tunamfungia mlango kwa nje. Na ukitaka kumchagulia mtu pad, muulize mwenyewe kwanza, ni rahisi kuliko kuangalia review za Kichina.

Kwa wataalamu wa emulator humu: kuna namna ya kuhifadhi mpangilio wa batani kwa kila gemu? Maana nikicheza zamu yangu nageuza pad, nabadilisha, yeye anageuza, anabadilisha, mama anasema tunaichosha simu.

Karibuni kwenye comments, hata wa matusi. Kaka yuko hapa ubavuni ananisukuma nimalize, anataka kusoma mwenyewe nani wa kwanza kuniita mjinga, na amesema huyo atampigia like.